Anayemwagilia Magugu

Mkaguzi aliinama kadiri goti lake bovu lilivyomruhusu, na halikumruhusu sana, akalitazama tuta lake la maua kwa jicho lile alilokuwa akiwatazamia abiria wanaojifanya wamelala. Zinia zake zilikuwa zimeng'olewa. Upande mzima chini ya dirisha la chumbani haukuwa na zinia hata moja, na miche yenyewe imelundikwa kando ya ukuta, mizizi juu, imenyauka. Hilo peke yake lingetosha kumharibia mtu siku. Lakini kulikuwa na kubwa zaidi. Mahali pa zinia palisimama kishona nguo, lile gugu ambalo mbegu zake hunata kwenye sketi na soksi za wapita njia. Lilikuwa limepangwa mstari mmoja ulionyooka, limewekewa udongo shinani, limemwagiliwa maji asubuhi hiyo hiyo. Kila shina lilikuwa limefungwa kwenye kijiti kwa utepe wa kitambaa, kwa fundo zuri la kiungwana.

Magugu yamevaa tai! Mkaguzi alihisi damu inampanda kichwani. Mvivu angeyaacha magugu yajiotee. Mjinga angeng'oa kila kitu akaenda zake. Lakini mtu anayeng'oa maua, kisha akapiga magoti kuyalea magugu, huyo ana lake jambo.

Jina la Mkaguzi alilipata kazini. Alikagua tiketi kwenye treni mpaka nywele zikaingia mvi, na siku alipostaafu alirudisha sare na koleo la kutobolea tiketi, lakini mazoea akaja nayo nyumbani. Alijua sukari imepungua kwa kusikiliza mlio wa kopo. Alijua mgeni atasema uongo kabla mgeni mwenyewe hajakata shauri. Mumewe, fundi cherehani mwenye duka lake katika chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo, alikuwa akiwaambia wateja kwamba yeye hakuoa mke, alioa kituo cha ukaguzi. Mkaguzi alijifanya kununa, lakini alikuwa akiupenda utani wa Fundi kuliko alivyotaka ijulikane.

Msimu huu goti lilipokataa kabisa, ilibidi kazi ya kupalilia amkabidhi mkwe. Huyu alikuwa mke wa mwanawe wa pekee, dereva wa malori ya safari ndefu ambaye mwezi mzima huweza kupita bila kulala nyumbani. Mkwe alikuwa na sauti ndogo na mwendo usiosikika. Mpole kupita kiasi, kwa maoni ya Mkaguzi, na watu wapole kupita kiasi ndio waliokuwa wakimpa kazi kule kwenye treni. Alimfundisha yote. Palilia jua halijawa kali. Ndago ing'oe pamoja na kiazi chake, ukikiacha umeipandikiza. Karibu na shina usitumie jembe, tumia vidole. Mkwe aliitikia "ndiyo, mama" kila neno, na sasa matokeo ndiyo hayo, yamevaa tai.

Alimkuta jikoni akichambua mchele.

"Nani amepalilia lile tuta?"

Mkono wa mkwe ulisimama juu ya ungo. "Mimi, mama."

"Wewe?"

"Mimi, mama. Nimekosea. Nisamehe."

Upesi mno. Mkaguzi alivuta kigoda akakaa amwangalie vizuri. Katika maisha yake ya kazi hakuwahi kukutana na mtu mwenye kosa anayekiri papo hapo. Asiye na tiketi hulalamika kwanza, halafu hupekua mifuko, halafu hudai ameibiwa. Anayekiri kabla hajabanwa anakupa kosa dogo ili usitafute lile kubwa.

"Umekosea vipi? Zinia unazijua. Nilikuonyesha moja moja."

"Nilichanganya, mama."

"Na vijiti? Navyo ulichanganya? Vitambaa vile umevitoa wapi?"

Mkwe alitazama mlango wa duka, mara moja tu, kisha akarudisha macho kwenye mchele. "Dukani kwa baba."

Jicho lile la kuibia halikumpita Mkaguzi. Machale yakamcheza. Kwa hiyo na Fundi yumo.

Toka siku hiyo akawa halali usingizi wa mchana. Alianza kuyaunganisha mambo ambayo mwanzoni aliyapuuza. Kwa muda sasa mlango wa kati, kati ya sebule na duka, ulikuwa ukifungwa, na zamani haukufungwa hata kwa baridi. Mkwe alikuwa akimaliza kazi za ndani mbio mbio, halafu anaingia humo na kukaa na Fundi mpaka jioni. Mkaguzi akiingia, wote wawili hunyamaza. Siku moja aliweka sikio mlangoni, bila aibu yoyote, maana nyumba ni yake, akamsikia mkwe akisema polepole, "Hii ya bluu, baba. Hii nyeusi. Na hii ni kijivu." Fundi akajibu, "Basi tuanze na kijivu. Na mama yako asijue."

Rangi! Walikuwa wanachagua rangi. Rangi za nini?

Jibu lilimjia kesho yake alipotoka kuanika nguo. Mkwe alikuwa ameshika futi ya kushonea, ile ya utepe, anapima kutoka mlango wa pembeni wa duka mpaka lilipoanza tuta, na kutoka hapo mpaka mwisho wake. Baada ya chakula kukawa na vigingi, na kamba imevutwa juu yake, imekaza, usawa wa kiuno, kutoka mlangoni mpaka mwisho wa maua. Mkaguzi aliishi karibu na waashi vya kutosha kujua kamba ya msingi ikoje. Watu wanataka kujenga! Wanataka kuvunja tuta lake na kuongeza chumba pembeni ya nyumba, labda duka la mkwe, labda chumba cha kupangisha, na wanamng'olea maua kidogo kidogo ili mwisho aseme mwenyewe, haya, tuta limekwisha, jengeni. Na magugu yale yenye tai yalikuwa ya kumkejeli tu.

Alisikia uchungu kuliko hasira. Mkwe ni mtu wa kuja, lakini Fundi! Mtu aliyekuwa akimletea mbegu mfukoni, zimefungwa kwenye mabaki ya kitambaa, leo anakula njama na mtoto mdogo dhidi ya maua yake.

Mezani aliamua kuwachokonoa. "Nyumba hii haiongezwi chumba," alisema, bila salamu wala utangulizi.

Fundi aligeuza uso. "Nani kasema chumba?"

"Nasema tu."

"Mke wangu, hata msumari sina." Alicheka, akanyoosha mkono kuchukua bilauri ya maji, mkono ukapita hewani pembeni yake. Kabla haujarudi, mkwe alikuwa ameisogeza bilauri mpaka ikagusa vidole vya mzee. Aliifanya kazi hiyo kimya kimya na kwa ustadi, na Mkaguzi aliona jinsi mtoto alivyokwisha kumlainisha mumewe, mpaka maji anasogezewa mdomoni kama sultani. Chakula kikamshinda.

Jioni ile, kiza hakijaingia, alimfumania mkwe kwenye tuta. Alikuwa amechuchumaa anarudisha zinia zilizonyauka ardhini, moja moja, anazishindilia kwa kidole gumba.

"Unaficha ushahidi," Mkaguzi alisema nyuma yake.

Mkwe aliruka. "Nilidhani labda zitashika tena, mama."

"Mimi sitaki zishike. Nataka useme. Mnapanga nini wewe na baba yako?"

"Hatupangi kitu."

"Mlango mnafunga wa nini?"

Machozi yalianza kumtiririka mkwe, lakini mdomo haukufunguka, na Mkaguzi, aliyekwisha kuona machozi ya kila aina, aliona haya ni ya mtu anayebana kitu. Ndipo alipokata shauri. Alimpigia mwanawe simu huku mkwe anasikia. Alisema mkewe anamwongopea, anakula njama, anamharibia maua kwa makusudi. Mwanawe alikuwa njiani, lori linanguruma, sauti inakatika.

"Mama, una uhakika?"

"Uhakika ndio kazi niliyostaafu nayo."

Lilisikika lori tu. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka, basi mkewe arudi kwao kwa muda, akirejea wataongea. Mkwe aliinuka, akanawa mikono, akaenda kukunja nguo zake. Hakuuliza swali hata moja.

Asubuhi, akiwa na begi mkononi, alipitia dukani kwanza. Mkaguzi alimsikia kupitia mlangoni. "Naenda sokoni, baba. Leo nitachelewa. Cherehani nimekutilia uzi."

"Haya mwanangu, usibebe mizigo mizito," Fundi akasema.

Sokoni! Mkaguzi alisimama katikati ya sebule. Anafukuzwa, na anamwambia baba mkwe anaenda sokoni? Basi hiyo ni alama yao. Fundi atabaki kuendeleza kazi peke yake, huku akijifanya hajui kitu. Lakini Mkaguzi alikuwa na mbinu moja iliyowahi kumnasa hata mwenye tiketi bandia: unashuka behewa la nyuma watu wote wakikuona, halafu unapandia la mbele.

"Naenda duka la dawa!" alitangaza kwa sauti, akafunga mlango kwa kishindo, akazunguka nyumba kwa nyuma na kujibanza baina ya mashuka aliyoyaanika.

Hakungoja sana. Mlango wa pembeni wa duka ulifunguka na Fundi akatoka. Mkono mmoja ulishika ndoo ya maji, mwingine ukashika ile kamba, akawa anatembea pole pole huku kamba inapita kwenye kiganja, mpaka alipofika kwenye tuta. Akapiga magoti. Akaanza kupapasa.

Alishika jani la zinia iliyosalia upande wa pili, akalisugua kati ya vidole viwili, akatikisa kichwa, akaing'oa. Akashika shina la kishona nguo, akalisugua vivyo hivyo, akatabasamu, akatoa utepe mfukoni na kulifungia kijiti.

Kumbe ni yeye! Mkwe alikuwa kibaraka tu, mkuu wa njama ni huyu hapa, tena anatabasamu. Mkaguzi aliyasukuma mashuka, akaenda moja kwa moja mpaka mbele yake, akasimama kwenye jua wazi, mikono kiunoni, anangoja aone uso wa mtu aliyekamatwa.

Fundi aliinua uso. Alimtazama, au alitazama kifuani kwake, kisha karibu na bega. Wala hakushtuka.

"Umerudi upesi, mwanangu," alisema. "Sokoni hakuna watu?"

Mkaguzi alishusha mikono kutoka kiunoni.

"Mkaguzi wetu kaenda duka la dawa, njoo uniangalizie mstari kabla hajarudi. Leo nimefanya mwenyewe, hata kunishika mkono sikuhitaji. Gugu jani lake linakwaruza kama gunia. Ua ni laini. Nimeshika vitambaa maisha yangu yote, kitu cha thamani vidole vinakijua." Alilipapasa lile gugu kwa upole. "Haya yamekuwa makubwa. Yamekaribia kuchanua?"

Alingoja jibu. Macho yake yalikuwa wazi kabisa na hayakuwa na kitu ndani yake. Mkaguzi alilala kando ya macho hayo kila siku, akakagua wageni, sukari, rangi na kamba, na macho yenyewe hakuyakagua.

"Usinyamaze hivyo, unanitia wasiwasi," Fundi aliendelea. "Najua hupendi kumficha mama yako. Yakichanua tu, nitamwambia. Nitamkalisha kitini hapa, ayaone, ajue goti lilipomkatalia kuna mtu alimtunzia. Halafu ndiyo nimwambie daktari kasemaje. Nikimwambia leo, ataacha kunitania. Atanishika mkono mpaka chooni. Mimi yule Mkaguzi namtaka vile vile, na kelele zake."

"Fundi," Mkaguzi alisema.

Mikono ya Fundi ilisimama juu ya udongo.

"Duka la dawa limefungwa?" alisema mwishowe.

"Sikwenda."

"Umepandia behewa la mbele."

"Tangu lini, Fundi?"

"Tangu uliponitania kwamba suruali ninazoshona sasa ni za watu wenye miguu iliyopinda." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Kwanza zilikuwa rangi. Halafu uzi. Sasa ni mwanga na kivuli, basi. Mtoto ndiye anayenikatia vitambaa na kunitajia rangi. Usimgombeze. Nilitaka kumwapisha, alikataa, nikamlilia mpaka akanionea huruma. Akirudi sokoni nitamwambia kiapo kimekwisha."

"Hayuko sokoni." Mkaguzi aliisogeza ndoo kando. "Nimemfukuza."

Fundi alitafuta ukuta kwa mkono, akasimama. "Kwa kosa gani?"

"La maua."

"Maua yamefanya nini?"

Katika mkono wake wa kushoto alikuwa bado ameshika zinia aliyoing'oa, ina tumba moja jekundu lililoanza kufumbuka. Mkaguzi aliitazama. Hapo ndipo alipomwelewa mkwe, jikoni, mbele ya ungo wa mchele, na kile kiapo kilichokuwa kizito kuliko Fundi alivyodhani. Hakuficha macho ya mzee tu. Na mzee mwenyewe alimficha hili la mkononi mwake.

"Hayakufanya kitu," alisema. "Maua ni mazuri. Yamekaribia kuchanua. Niliona vibaya mimi."

Ukiacha ule wa duka la dawa, ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mumewe, na aliusema bila kupepesa.

"Basi kamlete," Fundi alisema. "Ningekwenda mwenyewe, lakini barabara siioni."

Mkaguzi alikwenda. Njiani alimpigia mwanawe, akamwambia mkewe hana kosa, mwenye kosa ni yeye mama mtu, na sababu ataisikia kwa baba yake, si kwa simu. Alikata kabla hajaulizwa. Aliwapita majirani bila kuwasalimu, jambo ambalo hakulifanya tangu ahamie mtaa ule, na moyo wake ulikuwa unamsuta hatua kwa hatua.

Kituoni basi lilikuwa linapakia. Mkwe alikaa mwisho wa benchi, begi juu ya mapaja. Alipomwona Mkaguzi alisimama kwa heshima, lakini uso wake ulijifunga kabisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Twende nyumbani, mwanangu. Nimeshajua."

"Umejua nini, mama?"

"Yote."

Mkwe alimtazama kwa makini, kuanzia kilemba mpaka viatu. Mkaguzi aliutambua mtazamo huo mara moja, maana ulikuwa wake. Mtoto alidhani anategwa.

"Mimi ndiye niliyeng'oa maua," mkwe alisema taratibu. "Nilichanganya. Baba hahusiki."

"Ameniambia mwenyewe."

"Amekuambia nini?"

"Macho."

"Macho yamefanya nini?"

Kondakta alipiga kelele kwamba wanaondoka. Mkwe aliinama akashika begi. Mkaguzi hakuwahi kuomba kuaminiwa na mtu, hakujua hata mtu huanzia wapi. Alihisi hofu, hofu ya kweli, kwamba mtoto huyu atapanda basi akiwa na siri ya watu wengine mdomoni, na atakuwa na haki.

"Alidhani mimi ni wewe," alisema. "Nilisimama mbele yake, juani, karibu kama hivi. Akaniita mwanangu. Akaniuliza sokoni hakuna watu. Hakuniona, mwanangu. Mimi niko pale, na hakuniona."

Sauti ilimkatika mbele ya abiria wote. Mkwe aliliacha begi. Basi liliondoka.

"Umemwambia kuhusu maua?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Kwamba anayoyang'oa si magugu?"

"Hapana. Nimemwambia yamekaribia kuchanua."

Hapo mkwe akalia, kwa kwikwi, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Mkaguzi alitaka kusema nisamehe, alikuwa amelipanga neno hilo njia nzima, lakini mkwe alikwisha kujifuta uso kwa kiganja na kutazama upande wa nyumbani.

"Na sasa umemwacha na nani?"

"Yuko peke yake. Amesimama pale ukutani."

"Kwenye jua? Kamba atakuwa ameiacha, mama, akisimama huwa anaiacha!"

Alinyakua begi, akaanza kwenda, kwanza kwa hatua ndefu, kisha mbio. Mkaguzi alibaki nyuma, akawa anaufuata mgongo wake kati ya watu, na hakuthubutu kumwita amsubiri.